Mtungi wa Gesi na Miezi Sita ya Jembe: Kisa Kimoja cha Kifungo cha Nje Kaptembwa

Siku ya hukumu, mama anayeuza chapati karibu na steji ya Kaptembwa aliniuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, yeye na kikapu chake, mimi na daftari langu. Ndani, hakimu alikuwa ametoka kusoma kwamba kijana aliyemwibia mtungi wa gesi hatapelekwa gerezani. Atafanya kazi ya umma bila malipo katika shule ya msingi, miezi sita. Mama alinigeukia taratibu.

"Sawa mwalimu. Shule imepata mtu wa kufyeka nyasi. Na mimi, mtungi wangu?"

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kuwasaidia maafisa wa probesheni hapa Nakuru: nawatembelea waliopewa kifungo cha nje, yaani adhabu inayotumikiwa nje ya gereza, naangalia kama wanafika kazini, nasikiliza majirani, kisha namwandikia afisa nilichokiona. Kisa hiki nakichambua kwa sababu kwenye faili kimeandikwa kuwa kilifaulu. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wahusika wasitambulike.

Kijana alikuwa na miaka 22, mtu wa mkono kwenye mjengo. Anachanganya simiti, anapandisha mawe, anangoja fundi amwite. Siku ya kazi alipata shilingi 600, na siku isiyo na kazi ilikuwa siku ya kulala mapema. Februari ile mjengo aliokuwa akiutegemea ulisimama kwa sababu mwenyewe aliishiwa pesa, na kodi ya chumba ilikuwa imelala miezi miwili. Mama wa chapati aliishi ploti hiyo hiyo. Mtungi wake wa kilo 13 ulilala kwenye kibanda cha mabati alichokifanya jiko, na kufuli lake lilikuwa la kufungua kwa msumari.

Kijana aliubeba alfajiri, kaufunika kwa gunia, akauuza kwa shilingi 2,500. Akapunguza deni la kodi kwa 1,500, nyingine akainywa. Kufikia saa nne asubuhi ploti nzima ilikuwa imeshajua, maana gunia halikufika chini na rangi ya mtungi ilionekana na kila aliyekuwa akichota maji saa hiyo. Walimkuta chumbani amelala fofofo.

Kisa kingeweza kuishia hapo. Mtu alikuwa ameshatumwa kutafuta tairi la kumchomea. Mzee wa Nyumba Kumi akasimama mlangoni, akasema atakayemgusa kijana atamtaja kwa chifu kwa jina lake na la babake. Wakampiga makofi, wakampeleka polisi. Nalitaja tairi kwa sababu wanaoandika kuhusu mbadala wa jela huandika kana kwamba mizani ina pande mbili tu, gereza upande huu na huduma kwa jamii upande ule. Mtaani kuna upande wa tatu, na wako watu katika ploti ile ambao mpaka leo husema kijana "aliachiliwa". Adhabu ambayo mtaa hauioni kuwa adhabu huliongezea tairi wateja.

Alishtakiwa kwa wizi chini ya kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3. Hati ya mashtaka iliuthamini mtungi pamoja na gesi yake kwa shilingi 6,500. Alikiri. Mtungi haukupatikana. Aliyeununua hakuitwa wala kutajwa, ingawa kupokea mali ya wizi sheria yetu hukuadhibu kwa hadi miaka 14, karibu mara tano ya adhabu ya mwizi mwenyewe. Hilo si la uchambuzi huu, ila linaniudhi kila nikipita mbele ya duka lile.

Milango ya hakimu

Ili kupima kama adhabu ilikuwa mbadala, lazima kwanza tuulize ilikuwa mbadala wa nini. Swali hili ni rahisi kulitaja na gumu kulifuata, kwa sababu kosa la kwanza la mtu mwenye rekodi safi, la mali ya elfu sita, lilikuwa na milango mingi.

Hakimu angeweza kumfunga. Angeweza kumtoza faini, na hapo kifungu cha 28 kina ngazi zake: faini inayozidi 2,500 lakini haizidi 15,000 humpeleka asiyelipa gerezani kwa muda usiozidi miezi 3, na inayozidi 15,000 hadi 50,000, miezi 6. Mtu wa mkono asiye na mjengo hana elfu ishirini, kwa hiyo faini kwake ni kifungo kilichovaa nguo ya pesa. Hakimu angeweza pia kumwachilia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, chini ya kifungu cha 35. Angeweza kuamuru amlipe mama fidia, na kifungu cha 31 kinakubali fidia iwe juu ya adhabu nyingine au ichukue nafasi yake.

Kisha kuna milango miwili ambayo mtaani yote huitwa kifungo cha nje, na nimesikia hata makarani wakiita hivyo. Wa kwanza ni probesheni, ambayo sheria yake ilianzia 1943: mtu huwekwa chini ya uangalizi wa afisa kwa muda wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, anaendelea na maisha yake, anaripoti, anatembelewa. Wa pili ni huduma kwa jamii, iliyoletwa na sheria ya 1998: mtu hufanya kazi ya umma bila malipo kwa muda usiozidi kifungo ambacho angefungwa. Sheria hiyo inamhusu aliyepatikana na hatia ya kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3, au kosa kubwa zaidi ambalo mahakama inaona miaka 3 au chini yake inatosha. Kazi zenyewe zimetajwa: barabara, upandaji miti, miradi ya maji, matengenezo ya shule na hospitali za umma, kazi katika makao ya watoto yatima, hata utaalamu kwa aliye nao.

Kuna tofauti moja kati ya milango hii miwili ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Huduma kwa jamii huja baada ya mtu kutiwa hatiani. Bila hatia hakuna amri. Sheria ya probesheni, kwa upande wake, inamruhusu hakimu wa mahakama ya chini aliyeridhika kwamba shtaka limethibitika kumweka mtu kwenye probesheni bila kumtia hatiani, akizingatia ujana wake, tabia yake na hali ya nyumbani kwao. Mwezi wa saba baada ya hukumu ndipo kijana wetu alipoelewa uzito wa tofauti hiyo. Nitafika huko.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wazee wenzangu hukumbuka. Kabla ya 1998 tulikuwa na kazi ya nje chini ya Sheria ya Magereza, ambapo wafungwa wa vifungo vifupi walikabidhiwa utawala wa mkoa. Kila mzee wa Bahati au Njoro atakuambia habari ya shamba la mkubwa fulani lililopaliliwa na watu wa kifungo cha nje. Sheria mpya iliiga mfano wa Zimbabwe, iliyokuwa imeanza huduma kwa jamii mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambako Azimio la Kadoma lilipitishwa mwaka 1997. Hatamu zilirudishwa kortini: kamati ya kitaifa inaongozwa na jaji, amri inatolewa na hakimu, na kabla ya amri lazima afisa achunguze na kuripoti. Nia ilikuwa njema, nami naiunga mkono. Lakini mashaka ya zamani hayakufutika vichwani mwa watu. Babake kijana, aliposikia neno "kazi ya bure", aliuliza ni shamba la nani.

Ripoti

Afisa aliyeandika ripoti ni mchapakazi. Alikuwa na siku saba na mafaili mengine juu ya meza. Alimhoji kijana korokoroni, akampigia simu babake aliye Molo, akazungumza na naibu wa chifu, akapita kwenye ploti jioni moja. Ripoti ilikuwa ya kurasa mbili: mtu wa kosa la kwanza, anajutia, ana makazi yanayojulikana, anaweza kazi ya mikono, jamii haimkatai, anafaa huduma kwa jamii.

Mama wa chapati alipewa sentensi moja. Aliulizwa kama anamwogopa kijana, akasema hapana. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Hakuulizwa amepoteza nini. Angeulizwa, angesema kwamba bila gesi amerudia makaa, chapati zinachelewa, na wanaopita saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini hawangoji. Angesema pia, kama alivyoniambia mimi baadaye, kwamba hakutaka kijana afungwe. Alitaka alipwe. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili yasiyogombana, na sheria ilikuwa na mlango wa yote mawili. Ripoti haikuugusa, na hakimu, mwenye orodha ndefu ya kesi asubuhi ile, alifuata ripoti. Kusikilizwa kwa hukumu kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Amri: miezi sita, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.

Simlaumu hakimu. Mwongozo wa hukumu wa Idara ya Mahakama, ule wa 2016 na ule uliofanyiwa marekebisho 2023, unawahimiza mahakimu watumie adhabu zisizo za kifungo kwa makosa madogo, naye alifanya hivyo. Pale palipohitaji fikra hapakuwa kati ya jela na nje. Palikuwa ndani ya hiyo nje, na hapo hakuna aliyesimama hata dakika moja.

Kazi

Wiki nne za kwanza zilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Shule ilimpa kazi ya kuchimba mtaro wa kuzuia maji yanayoshuka uwanjani, na kufyeka. Msimamizi wake alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mtu mpole anayependa kazi iliyonyooka. Kijana alimwonyesha kwamba sakafu ya vyoo vya wavulana imepasuka na kwamba yeye anaweza kuitengeneza. Shule haikuwa na simiti. Ilikuwa na jembe moja lisilo na mpini imara na panga mbili za mlinzi. Kijana alileta mwiko wake kutoka nyumbani. Wazazi wawili wakachanga mifuko miwili ya simiti na mchanga wa mkokoteni. Kwa siku nne mhalifu aliyehukumiwa alikuwa ndiye fundi, na wavulana wa darasa la nane la zamani, ambalo sasa limegeuzwa darasa la sekondari msingi, walimwita "fundi" kwa heshima zote. Nilimwona akitembea tofauti. Hakuna safu ya hilo kwenye fomu yangu.

Kisa kidogo cha kuchekesha. Katika ua huo huo kuna chekechea, na ngazi yake ya mbele ilikuwa imemeguka. Mwalimu wa chekechea aliomba aazimwe fundi kwa nusu siku. Akakataliwa, kwa sababu chekechea ni ya kaunti na shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, na amri ya mahakama imetaja shule ya msingi. Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti ilipewa chekechea, hospitali, masoko na barabara za kaunti, yaani mahali pengi ambapo sheria ya 1998 inataka kazi ifanywe. Magereza na probesheni vikabaki Nairobi. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021 na kazi za mikono zimejaa kila upande, lakini mwenye watu si mwenye mitaro. Jembe la kazi hii halijulikani ni la nani kununua, na kwa kisa hiki hakuna aliyelinunua. Marekani wanapozungumza juu ya mipango ya kaunti huwa wanasema kitu kingine kabisa: jimbo la Minnesota, kwa mfano, lilipitisha sheria mwaka 1973 ya kuzipa kaunti fedha ili zishughulike na wakosaji wao hapo hapo nyumbani. Huko kaunti ina mfuko. Huku ina jina kwenye bango la lango.

Jumatatu ya Pasaka

Mwezi wa pili shule zilifungwa. Nilipita Alhamisi moja nikakuta mlinzi peke yake na mtaro umefika pale pale ulipokuwa wiki iliyotangulia. Mlinzi aliniambia kijana anakuja "siku zingine". Nikaomba karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa imejaa, sahihi kila siku, wino mmoja, mkono mmoja. Hata Jumatatu ya Pasaka ilikuwa na sahihi, siku ambayo hapakuwa na mwalimu shuleni na mimi mwenyewe nilikuwa Elementaita na wajukuu.

Naibu wa mwalimu mkuu hakunificha. Mjengo ulikuwa umefunguliwa upande wa Njoro, mwendo wa matatu, na fundi alitaka mtu wa siku nzima. Kijana alikuja akamwambia kwamba hajala tangu jana yake. "Ningefanya nini, mwalimu mwenzangu? Nimwandike hayupo wamfunge kwa sababu ya njaa?" Akawa anamtilia sahihi.

Nililala na jambo hilo usiku mbili. Huruma ya mwalimu yule naielewa hadi mfupani. Lakini karatasi ile ndiyo takwimu. Mkubwa akisimama jukwaani kusema kwamba watu kadhaa walikamilisha amri zao, nambari yake imetoka kwenye karatasi kama ile, na ndani yake mna Jumatatu za Pasaka ambazo hakuna anayezijua. Adhabu iliyopangwa bila kuuliza mtu anakula nini huzaa uongo wa huruma, na uongo wa huruma ukifika makao makuu huitwa mafanikio.

Nikamwambia afisa. Kijana hakunisalimia kwa wiki tatu.

Hesabu ya kijana

Alirudishwa mbele ya hakimu. Kwa anayevunja amri, mahakama inaweza kumwonya, kuibadilisha amri, au kuifuta na kutoa adhabu nyingine. Tukiwa tunangoja jina liitwe, kijana alinifanyia hesabu ambayo alifunzwa korokoroni siku zile mbili za kwanza.

"Mwalimu, wangenifunga miezi sita ningetoka baada ya minne, si ni kweli? Ndani kuna ugali. Huku nje ni miezi sita kamili, hakuna ugali, na kodi inahesabika. Sasa nani amefungwa?"

Na hesabu yake ni sahihi. Sheria ya Magereza inampa mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema. Theluthi hiyo ni ya wafungwa. Aliye kwenye huduma kwa jamii anahesabiwa siku zake zote. Nilimjibu kwa mambo tunayoyajua wote: msongamano wa gerezani, ugonjwa, wenzake atakaolala nao, chumba chake kufungwa na vitu vyake kuuzwa. Alinisikiliza kwa adabu. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu maisha kwa siku moja moja, hoja zangu zilikuwa za mtu mwenye pensheni.

Hakimu, safari hii, aliuliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: "Unaishi kwa kutegemea nini?" Akaibadilisha amri iwe siku tatu kwa juma, kila siku kwa muda wa saa saba, siku nyingine aende kibarua. Ukijumlisha, zile siku tano za awali zilikuwa na jumla ya saa 25 kwa juma na hizi tatu ni 21. Hakimu aliona tofauti hiyo, akaiacha ipite bila neno. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hukumu iliyotenda kazi katika kesi hii nzima. Kuanzia siku hiyo kijana hakukosa. Mwezi wa tano alikuwa akifika kabla ya mlinzi.

Habari ya mtungi haikurudi kortini. Hakimu alikuwa ameshaweka kalamu chini. Ilimalizwa ukumbini kwa mzee wa Nyumba Kumi, Jumapili baada ya ibada. Kijana, mama, mzee, mimi, na babake kijana aliyepanda gari kutoka Molo na gunia la viazi. Mama alitaja 6,500. Babake akataja viazi. Wakakubaliana 5,000, shilingi 500 kila juma kwa M-Pesa, na viazi vikawa vya radhi. Hakuna karatasi ya makubaliano hayo kwenye faili, kwa sababu hakuna safu yake. Alilipa majuma saba. La nane alikosa, mama akamfuata mjengoni Njoro mwenyewe kwa matatu, akaketi juu ya rundo la kokoto mpaka fundi alipolipa watu. Akamalizia.

Kupima

Fomu niliyoijaza mwisho wa robo ile ilikuwa na safu tatu za maana: walioingia, waliokamilisha, waliokiuka. Kijana wetu yuko kwenye safu ya pili. Siwezi kusema ni uongo.

Lakini nikiulizwa kama mpango ulikuwa mbadala wa jela kwa mtu huyu, ningesema inategemea hakimu yule angefanya nini kama sheria ya 1998 isingekuwapo. Kama angemtoza faini ya elfu ishirini, basi ndiyo, amri ile ilimwokoa na miezi minne ya gerezani, na serikali ikaokoa ugali. Kama angemwachilia kwa sharti, au angempa probesheni, basi amri ile haikumwondoa mtu jela. Ilimwongezea mtu adhabu ambaye jela haikuwa njia yake. Wachunguzi wa mambo haya ughaibuni huita hali hiyo kupanua wavu: mlango mpya hufunguliwa kwa ajili ya waliokuwa wakielekea gerezani, halafu hupitishwa waliokuwa wakielekea nyumbani, na magereza yanabaki yamejaa vile vile. Nikiitazama rekodi ya kijana, umri wake na thamani ya mtungi, naona wavu. Wenzangu wawili niliowaeleza wanaona faini. Hatujaafikiana, na fomu haiwezi kutuamulia kwa sababu haiulizi.

Msimamo wangu ni kwamba mtu huyu alistahili probesheni ya mwaka mmoja bila kutiwa hatiani, pamoja na mpango wa kumlipa mama ulioandikwa kwenye amri. Angeenda mjengoni kila siku. Mama angelipwa kuanzia mwezi wa kwanza, korti ikijua. Mwalimu yule asingetia sahihi ya Pasaka. Wavulana wa shule wangekosa sakafu ya choo, hilo nakubali, na si jambo dogo. Nimefundisha miaka thelathini na moja, najua choo kibovu kinavyomfukuza mtoto darasani. Lakini sakafu ya shule haifai kungoja mtu aibe.

Miezi sita ilipoisha, mwanzoni mwa Septemba, afisa alifunga faili. Kijana alikuja kwangu wiki chache baadaye na bahasha ya kaki. Rafiki yake alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi wa usiku, mshahara wa mwezi, sare ya bure, na kampuni ilitaka cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Alama zake za vidole zilichukuliwa Februari, siku ya kwanza, na hatia iliingizwa baada yake. Aliniuliza kama barua ya kukamilisha huduma kwa jamii, iliyopigwa muhuri mbili, inaweza kutumika badala ya cheti.

Nilimwambia haiwezi. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama najua mjengo wowote uliofunguliwa upande wa Free Area. Mama wa chapati bado anatumia makaa. Ile elfu tano iliingia mia tano mia tano, na hivyo hivyo ikatoka: unga, mafuta, kiatu cha mtoto.